Madaraja ya Sufu, Ukingo wa Paruma

Januari 9

Mvua imeanza kweli. Marehemu mume wangu, Crisanto, alikuwa akiiandika mvua ya kila mwaka: imeingia lini, imetokea mlima gani, imeozesha viazi vya nani. Mwaka huu nimeamua kuendelea mimi, ila mimi siwezi kuandika mvua nikaacha watu, na watu wa Paruma wananikera kuliko mvua. Kwa hiyo haya yasije yakasomwa na jirani.

Januari 12, Jumapili

Daraja limekwenda na maji.

Nilikuwa sokoni nikibadili mahindi kwa chumvi niliposikia mlio, wala haukuwa mkubwa, kama shuka kuukuu linavyochanika. Wote tukageuka. Kamba za upande wa ng'ambo zilikuwa zimekatika, na daraja zima lilining'inia upande wetu, maji yakilichezea, mpaka mto ukalichukua. Hakukuwa na mtu juu yake. Bwana ashukuriwe, na mlima nao ushukuriwe.

Tusimsingizie mto. Daraja letu ni la nyasi, na kila Juni sisi wa Paruma na wale wa Sillapata huko ng'ambo hulifuma upya, kila nyumba ikileta kamba yake. Juni iliyopita hatukulifuma. Wakubwa wa wilayani walituahidi daraja la chuma, nasi tukakunja mikono tukalisubiri. Chuma chenyewe hatujaona hata msumari. Sasa Paruma wanasema Sillapata ndio walioacha kwanza, na nina hakika huko ng'ambo wanasema hivyo hivyo juu yetu.

Watoto wawili wa Sillapata wamebaki upande wetu. Walikuja asubuhi na jibini wapate mahindi: Illari, wa miaka sita, na binamu yake Fredy, wa kumi. Daraja jingine liko mbali sana huko chini, na barabara ya kwenda huko imefukiwa na maporomoko. Shemeji yangu Hermógenes, ndugu wa marehemu, ambaye ni fundi mkuu wa daraja kama baba yake alivyokuwa, aliwasukuma mlangoni kwangu wakiwa wamelowa chepechepe.

"Shemeji, wewe uko karibu na mto, na una kitanda."

"Kitanda ni kimoja, shemeji."

"Na wewe ni mmoja."

"Ndiyo maana kinanitosha."

"Basi kwa baridi hii kitakutosha vizuri zaidi," akasema, akaondoka zake.

Sijazoea watoto. Mungu hakutujalia. Niliwapa supu ya shayiri, Fredy akala huku anaongea. Illari hakugusa kijiko mpaka aliponiuliza daraja litarudi lini. Mama yake, Sabina, ni mjamzito, atajifungua viazi vipya vikianza kutoka, mwezi wa tatu hivi.

"Nimemwahidi mtoto nitakuwa wa kwanza kumwona," alisema. "Nilimwambia kupitia tumboni. Akakubali."

Nikamwambia mwezi wa tatu bado uko mbali, ale supu.

Januari 15

Mvua. Fredy amekula na viazi vya kesho.

Januari 18

Kila asubuhi, ukungu ukinyanyuka kidogo, tunashuka mtoni. Sabina naye anashuka upande wake. Kusikizana hakuwezekani, mto wetu Yanamayo unavuma mpaka mtu hasikii sauti yake mwenyewe. Yeye anapunga shali nyekundu, Illari anapunga kofia yangu. Halafu ukungu unarudi na kumchukua Sabina kuanzia miguuni, kiuno, mabega, mpaka inabaki shali peke yake inapunga hewani.

"Shangazi Uba, mbona mama anafutika?"

"Hafutiki. Ni ukungu tu."

"Akifutika wote, mtoto anabaki?"

Nilimfunga kofia kichwani nikamwambia twende, mahindi yako motoni.

Januari 22

Mvua tangu alfajiri, hata mtoni hatukuweza kwenda. Maruja, binti wa jirani yangu Nemesia, alikuja na gunia kichwani kuwaona wageni. Ana miaka kumi na moja na ni mjuaji wa kila kitu. Akamkuta Illari amepanga sufuria mbili sakafuni na katikati amemwaga maji.

"Unafanya nini?"

"Huu ni mto. Nataka daraja."

"La nini?"

"La nini! La kuvukia," Fredy akadakia. "Wewe kwenu madaraja ni ya kupikia?"

Wakajenga la tambi. Tambi zangu za Pasaka, nilizozificha nyuma ya picha ya Bikira Maria, sijui nani aliwaonyesha. Wakazifunga kwa uzi mafungu mafungu, wakalaza kutoka sufuria hii mpaka ile. Sharti likawekwa na Illari: daraja lisilovusha kiazi kimoja si daraja. Kiazi kikawekwa. Kikafika katikati, tambi zikapiga kelele na kuanguka majini. Fredy akavua kofia akakiombea kiazi kama padre, nami nikacheka mpaka nikaona aibu.

Tumekula hizo tambi jioni. Zilikuwa na ladha ya vumbi.

Januari 25

Njiti za ufagio. Kiazi kimevuka, viwili havikuvuka. Sasa sina ufagio.

Februari 1

Nyumba yangu imekuwa ya madaraja. Kuna la njiti za kiberiti kutoka dirishani hadi kwenye rafu. La magunzi ya mahindi chini ya meza. La vijiko, ambalo haliko imara, lakini Illari hataki livunjwe kwa kuwa lina mwanga. La mikebe ya samaki limeegemea jiko, na simbilisi wangu, ambao kwa kawaida hukaa pembeni wakingoja maganda, wamejifunza kupita juu yake mmoja mmoja, kwa heshima, utadhani wanakwenda kupokea komunyo.

Ukungu unaingia mlangoni na kulala sakafuni, hivyo madaraja yanaonekana yameshikwa na mawingu. Nikiwa nimeketi nasokota uzi, nashindwa kujua chumba kina ukubwa gani. Jana nilimwona Illari amelala kifudifudi, shavu sakafuni, akiangalia daraja la magunzi kwa usawa wa jicho.

"Unaona nini?"

"Ukikaa hivi ni kubwa," alisema. "Kuna watu wanapita. Njoo uone."

Mimi mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mwenye magoti mabovu, nililala kifudifudi. Nitaandika ukweli: niliwaona.

Februari 5

Asubuhi wanasimuliana ndoto wakiwa bado ndani ya blanketi. Fredy huota chakula. Illari ameota Sillapata imekuja usiku, milima na lama na nyumba zote, ikasimama nje ya mlango wetu, ila ikaona haya kubisha. Nilitoka kuteka maji nikajikuta natazama nje kwanza.

Februari 9

Amepungua kuuliza habari za daraja. Ananiita Mama Uba badala ya shangazi. Nemesia alisikia, akanitazama kwa pembe ya jicho.

"Angalia, dada. Huyo ana mwenyewe."

"Nani kasema hana?"

"Mimi nasema tu."

Nemesia huwa anasema tu. Ana watoto watano, anadhani upendo ni mali ya wenye wengi. Nilirudi ndani nikamsuka Illari nywele mistari miwili, nikafungua, nikamsuka tena, kwa kuwa mikono ilikuwa inataka.

Februari 12

Mkutano. Shemeji Hermógenes amesema tusingoje Juni, tufume daraja jepesi sasa hivi, la dharura. Mtu akauliza: na Sillapata? Hapo ndipo kelele zilipoanza.

"Sillapata ndio waliotuangusha!" Hermógenes akasema. "Kamba zilikatika upande wao. Safari hii Paruma itasokota yote, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Wao watashika tu ncha na kufunga. Wasije wakasema tulishindwa."

Wanaume wakapiga miguu chini. Mimi nilikuwa mlangoni na wanawake wengine, na kwa kuwa sisi ndio tutakaosokota hiyo yote, nikauliza kama atasokota na yeye. Akaniambia shemeji, wewe ulimi wako ungekuwa kamba tungeshavuka. Watu wakacheka. Hata mimi.

Februari 16

Nyasi ni mbichi na mikono imevimba. Kila nyumba ya Paruma inasokota, na yetu pia. Fredy ameniuliza mbona nasokota kamba ya daraja kulia na uzi wangu nausokota kushoto. Nikamweleza: kwetu kila kitu husokotwa kulia. Kushoto ni kwa mjane. Uzi wa kushoto hufungwa mkononi mwa maiti na mguuni mwa mgonjwa, kifo kikija kipotee njia. Tangu Crisanto aniache, sufu yangu yote ni ya kushoto.

"Kwetu Sillapata tunasokota kushoto kila kitu," Fredy akasema. "Hata kamba za lama."

"Ndiyo maana tunawacheka."

"Na sisi tunawacheka nyinyi," akajibu bila kuacha kutafuna.

Februari 25

Karnivali. Mvua imecheza ngoma peke yake.

Februari 27

Lazima niandike hili lilivyotokea.

Watoto walipindua kigoda changu, miguu minne juu, na juu ya miguu hiyo wakatundika daraja la sufu, mfano kabisa wa lile la mtoni: kamba nne za kukanyagia zimelala sambamba, mbili za kushikilia, na nyuzi ndogo za kuzifunga pamoja. Maruja alileta sufu ya kwao. Haikutosha, basi Illari akachukua kwenye kikapu changu. Wakaweka viazi vidogo, vitatu, vinne, vitano. Daraja lililala tulivu kama kitanda cha bembea. Fredy akatangaza kwamba hata padre mnene wa wilayani angepita.

Ndipo nikaona uzi wangu. Wa kushoto. Wa maiti. Kamba mbili kati ya nne.

"Nani kakupa huo? Huo si wa kuchezea!" Nilifoka mpaka simbilisi wakakimbilia uvunguni. Nikazifumua zile kamba mbili kwa mikono yangu na kumwambia Maruja akalete sufu ya kwao nyingine, ya kulia, ya watu wenye uhai. Illari hakulia. Alinitazama tu nikifumua.

Maruja akaleta, wakatundika upya, kamba zote nne za kulia sasa. Viazi vitatu. Daraja likaanza kuinama upande mmoja. Kiazi cha nne, na lote likajigeuza, polepole, kama mtu anayegeuka usingizini, viazi vikamwagika. Wakakaza wakarudia. Likageuka tena, upande ule ule. Maruja akasema ni kigoda. Wakabadili kigoda. Likageuka.

Illari akanyoosha mkono kwenye kikapu changu bila kuniomba, akarudisha nyuzi mbili za kushoto. Likatulia.

"Zile zote zinataka kugeukia huku," alisema akionyesha kwa kiganja. "Hizi zinataka kugeukia kule. Zikiwa pamoja zinazuiana."

Miaka yote hii, kila Juni, Sillapata walileta kamba zao za kushoto na sisi zetu za kulia, tukazifunga pamoja huku tukitukanana, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini daraja linatulia. Na sasa ghala la Hermógenes limejaa kamba za kulia tupu.

Februari 28

Nilitaka kwenda kwa Hermógenes asubuhi. Illari alikuwa na kikohozi, sikwenda.

Machi 1

Kikohozi kimepona. Sikwenda.

Machi 3

Nitaandika, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia. Nikienda, Sillapata wataombwa kamba, daraja litatulia, na huyu mtoto atavuka. Nisipokwenda, watatandaza kamba zao, zitajigeuza mbele ya macho yao, watarudi kuanza upya, na mimi nitakuwa naye mpaka mvua iishe, pengine mpaka Mei. Hakuna atakayeumia, najiambia. Litageuka likiwa tupu. Nimeanza kuutamani mto usipungue. Leo mvua ilipozidi nilifurahi, nikawasha moto mkubwa, nikawapikia uji wa kinoa wenye sukari, na Illari akanilalia pajani akinihesabia mvi. Aliishiwa na namba akaanza upya.

Machi 4

Mvua. Sikwenda. Viazi vipya vimeanza kutoka shambani kwa Nemesia.

Machi 6

Tulikuwa tunamenya hivyo viazi vipya. Illari akaniuliza, bila hata kuinua macho:

"Mama Uba, wale wanaume walisemaje ulipowaambia?"

"Nilipowaambia nini?"

"Kuhusu kamba. Kwamba zinageuka." Akachukua kiazi kingine. "Si uliwaambia? Fredy amesema keshokutwa wanatandaza. Shemeji yako na wanaume watapanda juu kufunga."

Watapanda juu. Wanakaa juu ya hizo kamba, miguu ikining'inia, wakifunga kutoka ukingo kwenda katikati. Wanafanya hivyo kila mwaka, nami nimewaona tangu nizaliwe. Wiki nzima nilikuwa nimelifanya daraja tupu kichwani mwangu kwa sababu ndivyo nilivyotaka liwe.

Nilisimama viazi vikaanguka.

Kamba zikishaanza kupelekwa mtoni, mpaka daraja likamilike, mwanamke haruhusiwi kulipita jiwe jeupe la mteremkoni, la sivyo mto utaona wivu na kumchukua mtu. Nilifika kwenye jiwe jeupe nikasimama hapo mvua ikininyeshea. Watoto hawahesabiwi wanawake wala wanaume, hivyo Illari na Fredy wakashuka na kile kigoda, Fredy ameshika miguu miwili, Illari miwili, na mfuko wa viazi begani. Mimi nikapiga kelele kutoka juu.

"Shemejii! Angalia hicho kabla hujawaua watu!"

"Rudi nyumbani, shemeji! Kwa nini unanipigia kelele kwenye kazi?"

"Angalia kigoda!"

"Nimeshaona vigoda!"

"Huyu mtu kichwa chake ni cha jiwe gani?" nikamuuliza mlima.

Lakini alichuchumaa. Kutoka juu niliona kofia zao tu, duara la kofia, na katikati nywele nilizosuka mwenyewe asubuhi. Illari aliweka viazi kimoja kimoja. Niliona duara lote likirudi nyuma kwa pamoja. Halafu akabadili nyuzi, akaweka tena viazi, na kofia zikasogea karibu. Ukungu ulipita kati yetu, ukanifichia wote, na ulipoondoka Hermógenes alikuwa bado amechuchumaa, kidole chake kikigusa kamba ya sufu.

Alipanda mpaka kwenye jiwe. Uso ulikuwa umemshuka.

"Umeliona lini hili?"

"Wiki iliyopita."

Alinitazama, kisha akamtazama Illari aliyekuwa anapanda nyuma yake na kigoda, kisha mimi tena. Angeweza kusema mengi, na ulimi anao.

"Shemeji Ubaldina," alisema tu, akavaa kofia yake.

Machi 7

Kule juu ambako mto unabanwa na majabali, sauti inavuka ukiwa na kifua. Hermógenes amekwenda na teo lake la kuchungia. Jiwe limefungiwa uzi wa sufu. La kwanza limeliwa na mto, la pili pia, la tatu limefika ng'ambo na watu wa Sillapata wakalidaka. Fredy alikuwepo, amenisimulia akijigaragaza kwa kicheko.

Hermógenes alipiga kelele: "Tunaomba kamba zenu!"

Kutoka ng'ambo: "Nini? Hatusikii!"

"Tunaomba kamba zenu! Za kushoto!"

"Upepo, mzee! Sema tena!"

Alisema mara nne. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Mwishowe ng'ambo wakajibu kwamba wamesikia tangu mara ya kwanza, ila ilikuwa tamu, na kwamba wake zao wataanza kusokota leo leo. Watahitaji siku kadhaa.

Machi 10

Mvua nyembamba. Sabina haji tena mtoni. Anakuja dada yake na kupunga mkono. Illari hapungi, anauliza tu: "Yuko wapi?" kwa mtu asiyeweza kumsikia.

Machi 12

Kamba za Sillapata zinavutwa kuja huku kwa ule uzi, kule juu kwenye majabali. Nimezishika kabla hazijashushwa mtoni. Zimesokotwa vizuri, lazima nikiri. Illari ananusa kila moja akitafuta ya mama yake.

Machi 14

Wanaume wamepanda. Wetu wanafunga kutoka huku, wao kutoka kule, na katikati bado pana nafasi ya hatua chache. Saa ya chakula Fredy alipanda kilima mbio, akasimama mlangoni akihema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutazama chungu. Wale wa ng'ambo walikuwa wamewaambia wetu wakiwa wamekaa juu ya kamba, uso kwa uso.

"Amejifungua," akasema. "Leo alfajiri. Msichana."

Illari aliendelea kupanga njiti zake. Baadaye akaniuliza: "Alimwona nani wa kwanza?"

"Sijui, mwanangu."

"Atadhani nilimdanganya."

Kesho kutwa daraja litapitika. Ningesema mapema, kamba zingeanza mapema, angekuwa amefika. Hakuna mwingine wa kulaumiwa, si mto wala wakubwa wa wilayani. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya nyumba, kwenye kuni, nikalia kwa sauti, maana kwa sauti ya ule mto hakuna atakayenisikia.

Machi 16

Hermógenes alipita wa kwanza, ndiyo desturi. Likatulia. Watu wa pande zote mbili wakapiga kelele, pombe ya mahindi ikamwagwa chini kidogo kidogo na kooni nyingi. Fredy alivuka akiwa amebeba begi la viazi, jibini moja walilokuja nalo ambalo sijui alilificha wapi lisioze, na simbilisi mmoja ambaye nilimpa na mwingine ambaye sikumpa.

Ni mwiko kutazama nyuma ukiwa katikati. Illari alinijia kwanza, nikainama, akanishika uso kwa mikono miwili, yenye baridi, kisha akakanyaga kamba. Alikwenda mdogo mdogo. Ukungu ulikuwa chini, daraja lilionekana halijashikwa na kitu, na yeye anatembea hewani na kofia yangu kichwani. Nilitaka ageuke, mwiko au si mwiko. Hakugeuka, amelelewa vizuri.

Machi 17

Nyumba ni kubwa. Nimevunja madaraja yote isipokuwa la vijiko. Halafu nimekula kwa mkono.

Machi 19

Leo nimevuka. Sikuwa nimefika Sillapata tangu niolewe, si kwa sababu yoyote, ni uzembe na dharau tu. Kamba zilinishika.

Sabina alikuwa ameketi mlangoni kwake kwenye ngozi ya kondoo, ananyonyesha. Ni mdogo kuliko nilivyomwona kwa mbali. Illari alikuwa karibu yake na aliponiona alikimbia kuniletea kigoda. Sabina akaanza kunishukuru, kwa chakula, kwa nywele, kwa kikohozi, alikuwa amesimuliwa yote. Nikamwambia anyamaze kwanza.

Nikamwambia. Kwamba nilijua kamba zitageuka na wiki nzima sikusema. Kwamba nilitaka mtoto wake akae. Kwamba kama ningesema siku ile ile, Illari angemwona mdogo wake akizaliwa. Nilisema yote bila kupumzika, macho yangu kwenye miguu yake. Illari alikuwa amesimama pale pale, alisikia kila neno. Sikuweza kumtazama.

Sabina alimtoa mtoto titi moja, akamgeuza, akampa la pili.

"Hiyo wiki," aliuliza, "alikuwa anakula?"

"Alikula. Nilimpikia uji wa kinoa."

"Na sukari," Illari akasema.

"Usiku alikuwa analala?"

"Alilala. Mgongoni kwangu."

Sabina alitazama mtoni, ambako wanaume walikuwa wakikaza kamba za kushikilia na kutaniana. Nilingoja aniambie niondoke, nilikuwa nimeshashika shali yangu.

"Mimi hiyo wiki sikulala hata usiku mmoja," alisema. "Siwezi kukuambia si kitu, dada. Ni kitu." Halafu akamtoa mtoto kifuani, akamfunga vizuri, akaninyooshea. "Lakini mikono yangu imechoka. Mshike, nilale kidogo. Illari, mwonyeshe kichwa kinavyoshikwa."

Akageukia ukutani akafunga macho. Illari akaniwekea kiganja chake chini ya kiganja changu, tukakishika kichwa pamoja. Mtoto ni mzito. Sikutarajia awe mzito hivyo.